"Dada, mimi si mbuzi": mbio za kukimbia na kuogelea wawili wawili katika visiwa vya Stockholm

Kuna mchezo huku Uswidi ambao ukimsimulia mtu wa nyumbani anadhani unamchezea shere. Mnakwenda wawili. Mnakimbia kisiwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mkifika majini mnaingia hivyo hivyo na viatu miguuni, mnaogelea mpaka kisiwa kinachofuata, mnapanda mawe, mnaendelea kukimbia na suti ya mpira ikichuruzika mwilini. Hakuna pa kubadilishia nguo. Ulichoanza nacho ndicho utakachomaliza nacho, na mkitupa taka njiani, hata ganda la peremende, mnaweza kuondolewa mashindanoni. Nilipompigia mama simu ya video Tanga nikiwa nimeivaa ile suti ili aione, alinitazama kwanza, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo tyubu ya lori umeivalia nini?"

Waswidi wanauita swimrun, na ulizaliwa na ubishi wa watu waliokuwa wanakunywa. Mwaka 2002 marafiki wanne waliokuwa kisiwani Utö waligawana wawili wawili, wakashindana kwenda Sandhamn, kwenye kisiwa kingine, kwa miguu na kwa kuogelea. Watakaochelewa wawalipie wenzao malazi, chakula na vinywaji. Iliwachukua zaidi ya saa 24. Mwaka 2006 mzaha ule ukawa mashindano kamili, ÖTILLÖ, yenye kilomita 70 hadi 75 kupitia visiwa zaidi ya 20, kilomita kama 10 zikiwa ndani ya maji. Sisi hatukuthubutu huko. Tulijiandikisha kwenye mbio nyingine, fupi, za mwisho wa Agosti, katika visiwa hivyo hivyo vya Stockholm ambavyo ukihesabu mpaka majabali vinakaribia 30,000.

Naandika kwa sababu dada zetu kadhaa wa hapa wameanza kuuliza waanzie wapi. Sisi tulishauriwa kuhusu pumzi, miguu na vifaa, na ushauri mwingi ulikuwa wa kweli. Hakuna aliyetuambia kwamba kitakachokaribia kutushinda ni adabu yetu wenyewe.

Mimi nimekulia Tanga, kuogelea nimejifunza Raskazone kwa kuwafuata kaka zangu. Mwenzangu ni wa Njombe, mdogo wangu kwa miaka kadhaa, ndiyo maana ananiita dada. Yeye amekulia kwenye vilima na baridi, anakimbia huku anapiga soga, lakini kuogelea amekujia ukubwani, darasa la watu wazima pale Eriksdalsbadet, bwawa la kuogelea la hapa Stockholm. Kwa hiyo tukapanga kirahisi: majini nitamvuta mimi, nchi kavu atanivuta yeye. Mpango ule haukumaliza hata siku moja ziwani.

Tulikwenda kujaribu Källtorpssjön, ziwa lililo pale Hellasgården, nje kidogo ya jiji. Ilikuwa Juni, jua kali, watoto wa Kiswidi wanajirusha majini kama hawana akili. Nikaingia kwa madaha ya mtu wa pwani. Maji yalipofika kifuani pumzi ikanikatika. Nikawa nahema kwa kasi, siwezi kuweka uso majini, siwezi hata kumjibu mwenzangu aliyekuwa ananiuliza nina nini. Kumbe ndivyo mwili ulivyo: ngozi ikipigwa na baridi ghafla unavuta hewa kwa nguvu bila kutaka, na kifua kinapanda na kushuka chenyewe kwa dakika mbili tatu. Uso ukiwa ndani ya maji wakati huo, unakunywa. Yule mtoto wa Njombe, mwanafunzi wa bwawani, alisimama maji yakiwa kiunoni, akajimwagia usoni na shingoni, akatoa pumzi ndefu mara kadhaa, akangoja mpaka kifua kimetulia, ndipo akalala juu ya maji. Nikamwiga.

Fanyeni hivyo kila mara, hata mkiwa mmezoea. Siku ya mbio mtakuwa mmefika mmetoka jasho, mwili unachemka, na hapo ndipo mshtuko wa maji unapokuwa mkali zaidi. Piga mikono kumi ya kwanza uso ukiwa juu. Wengine watawapita, waacheni, nusu yao mtawakuta mbele wamesimama wanakohoa.

Maji yenyewe nayo yalinichanganya. Baltiki ya upande huu ina chumvi kidogo mno, gramu kama 6 kwa lita, wakati Bahari ya Hindi ina 35 hivi. Sisi tumezoea bahari kutubeba. Huku miguu inazama. Suti ya mpira inakunyanyua kidogo, viatu vinakuzamisha tena, ndiyo maana watu hufunga boya dogo pajani kwa mpira, wakiingia majini wanalizungusha katikati ya mapaja, wakitoka wanalirudisha pembeni na kukimbia nalo. Na hakuna kupwa wala kujaa. Nyumbani maji yanaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, mtu hatii mguu kabla ya kuuliza. Huku yako palepale asubuhi na jioni, kinachoyasumbua ni upepo. Ila huo upepo usiuchukulie poa: ukivuma siku kadhaa kutoka nchi kavu unayasukuma maji ya juu kwenda mbali, na yale ya chini, ya baridi, yanapanda kushika nafasi yake. Wiki moja kabla ya mbio zetu maji yalikuwa digrii 18. Asubuhi ya mbio tukatangaziwa 13.

Sasa pesa, maana hapa watu huwa wanapaka rangi. Suti mpya ya mchezo huu, yenye zipu ya mbele na miguu inayoishia juu ya goti, inaweza kuzidi krona elfu tatu kwa urahisi, na za kifahari ni mara mbili ya hapo. Mimi nilinunua iliyotumika kwenye Blocket, mtandao wa Waswidi wa kuuziana vitu, kwa chini ya nusu ya bei. Mwenzangu alipata suti ya kawaida ya kuogelea, rahisi zaidi, tukaikata miguu kwa mkasi mezani jikoni kwangu. Kukata si tatizo, wengi wanafanya hivyo. Tatizo ni kwamba ilikuwa kubwa kwake kidogo mgongoni na kwapani, na sote tuliona, tukasema itafaa. Haikufaa, nitaeleza. Suti ikubane mpaka uone haya kutoka nayo nje. Inayoacha nafasi mgongoni inapitisha maji mapya ya baridi kila unaponyoosha mkono. Kuliko mpya iliyokupwaya, bora kuukuu iliyokukaa.

Makasia ya viganjani, vile vibapa vya kuvutia maji, tulinunua makubwa kwa tamaa, yakatuumiza mabega, tukaishia kuazima madogo. Viatu havihitaji kuwa vya bei. Vinahitaji kutoa maji haraka na kushika kwenye jiwe lililolowa. Kinachokula hela bila mtu kukutahadharisha ni mengine: ada ya timu, boti, na chumba cha kulala kisiwani usiku wa kuamkia mbio, kwa sababu boti ya asubuhi haiwahi. Chumba kilitugharimu kuliko suti yangu. Wenye akili walikuja na mahema.

Na nywele, wanawake wenzangu. Kofia ya namba mnayogawiwa ni ya lazima, na imetengenezwa kwa kichwa cha Mswidi. Kofia kubwa za nywele nyingi zipo siku hizi. Shirikisho la kuogelea la dunia lilizikataa 2021 kabla ya Olimpiki ya Tokyo, likaziruhusu mwaka uliofuata. Lakini hapa unavalishwa ya waandaaji. Sisi tulifumua rasta, tukasuka twende kilioni ndogondogo zilizolala kichwani, na kofia ikaingia. Mama aliposikia tumesuka nini kwa safari ya baharini hakufurahi.

Sasa kamba, ile ya kuvutana tuliyoipangia kirahisi. Sheria inataka mwenza wako asiwe mbali nawe zaidi ya mita chache, kwenye mashindano mengi mita 10, iwe majini au nchi kavu. Kamba si lazima, ila timu nyingi zinaitumia: ya mpira, inayovutika, mita tatu hivi, kila mtu na mkanda wake kiunoni na ndoano. Anayeweza zaidi anatangulia, mwenzake anafuata nyuma ya visigino vyake. Siku nilipoitoa mfukoni mara ya kwanza pale ziwani, mwenzangu aliitazama, akanitazama, akasema, "Dada, mimi si mbuzi."

Nilicheka, lakini alikuwa hatanii. Akaogelea bila kamba mwezi mzima, kila mara ananipoteza, kila mara nageuka kumtafuta, wote tunapoa. Nami sikuwa bora kuliko yeye. Tulipoanza mazoezi ya vilima kwenye msitu wa Nacka, yeye ndiye aliyeitoa kamba, na mimi nikasema goti langu halipendi kuvutwa. Goti halikuwa na neno lolote. Nilikuwa naona aibu kupita mbele ya watu nimefungwa nyuma ya mdogo wangu.

Kilichotumalizia ubishi ni kuona timu ya wazee wawili wa Kiswidi, mume na mke kwa makadirio yangu, wanapita njiani wamefungana, mama mbele, baba nyuma, wanaongea habari zao za nyumbani. Tukafunga. Ukishafunga unagundua kuna ufundi: anayetangulia aende kwa mwendo mmoja, asishtue, anayefuata asibweteke, kwani kamba inapolegea halafu ikakaza ghafla inakata mwendo wa wote wawili. Majini wa nyuma akae karibu kabisa na nyayo za wa mbele, hapo maji yameshalainishwa. Jifunzeni kwanza mkiwa nchi kavu, na jifunzeni kufungua ndoano mmefumba macho, kwa mkono wa kushoto, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Hilo la mwisho tulilipuuza.

Siku ya mbio. Kisiwa cha kwanza kilikuwa cha kukimbia na kila mtu akaondoka mbio kana kwamba kuna mkate unagawiwa. Baada ya kilomita moja nilikuwa naiva ndani ya suti. Fungueni zipu mara tu mnapoanza kukimbia, shusheni mpaka kiunoni kama mwendo ni mrefu, na mfunge kabla hamjafika majini, mkiwa bado mnatembea, si mkiwa mmesimama kwenye jabali na watu kumi nyuma yenu. Pakeni mafuta ya mgando shingoni na makwapani, mengi. Mimi nilipaka shingoni tu na makwapa yalinichunika vibaya.

Kuingia majini na kutoka ndiko kunakoumiza watu. Mawe ya huku yamesuguliwa na barafu ya kale, laini, na chini ya maji yana mwani unaoteleza vibaya. Usisimame. Ingia kwa makalio; toka kwa mikono na magoti, tambaa mpaka mahali pakavu, hata kama mpiga picha amekaa hapohapo. Kwenye kuogelea, inua macho kila baada ya mikono sita au minane utafute bendera ya upande wa pili. Ukimfuata tu aliye mbele yako, ujue huenda naye amepotea.

Kuogelea kwa kwanza na kwa pili kulipita salama. Kwa tatu kulikuwa kurefu, upepo ukitupiga ubavuni, na hapo suti ya mwenzangu ikaanza kudai deni lake. Nilihisi kamba inazidi kuwa nzito. Tukatoka, nikamuuliza, "Vipi, uko sawa?" Akajibu, "Niko sawa, dada, twende." Tukakimbia. Nikauliza tena. "Nzuri tu." Tukaingia majini mara ya nne, mkondo mfupi, tukatoka, nikamwona anahangaika na ndoano. Anaishika, inamponyoka, anaishika. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikamuuliza tena, akasema yuko sawa, ila ile "sawa" ilitoka taratibu, ulimi mzito.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae. Sisi tumelelewa kujibu "nzuri" kabla ya kujikagua. Mtu ana homa ya digrii 39, ukimwuliza habari anasema nzuri, kisha baada ya salamu zote ndiyo anasema ila naumwa kidogo. Ni adabu njema na siitaki iishe. Lakini ndani ya maji ya digrii 13 ni hatari, tena kwa watu wawili ambao mmoja ni dada hataki kuonekana analazimisha na mwingine ni mdogo hataki kumwangusha dada yake. Alikuwa ameanza kutetemeka tangu mkondo wa tatu. Hakusema. Na mimi nilikuwa nimeridhika na jibu kwa sababu nilitaka kuendelea.

Nilimkalisha chini nyuma ya mwamba, upepo usimfikie. Nikamwambia aguse kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huohuo. Hakufika. Kipimo hicho nilikisoma mahali, na ni kizuri kwa sababu hakijibiki kwa heshima: vidole vinakutana au havikutani. Nikamkumbatia, nikamlisha tende na kashata moja iliyokuwa imelowa ndani ya mfuko (tende ndizo za kubeba, kashata iacheni nyumbani). Kituo cha huduma kilikuwa mbele kidogo. Tukatembea kwa haraka mpaka pale, wakampa supu ya moto ya beri za buluu, ambayo Waswidi wanaiabudu na mimi siku ile nilielewa kwa nini. Mhudumu alimwangalia machoni na kumwuliza yuko wapi na leo ni siku gani. Akajibu vizuri.

Tulibaki na kisiwa kirefu cha kukimbia na mkondo mmoja wa mwisho. Tukakubaliana pale pale: tutakimbia kisiwa chote, yeye mbele, kwa kasi yake, ili apate joto. Tukifika ukingoni atagusa vidole. Visipokutana tunajitoa mashindanoni, na hakuna atakayesema neno la kubembeleza. Tena badala ya "uko sawa?" nitamwuliza namba, moja mpaka tano, tano ni sawasawa kabisa na mbili ni kusimama. Mazungumzo yale yalichukua dakika chache. Yalistahili kufanyika Juni, mezani, siku tuliyokuwa tunakata suti.

Alinivuta kisiwa kizima. Kwenye kila kilima nilisikia kamba ikinibeba kiunoni na sikuona aibu hata chembe, nilikuwa nimechoka mno kwa aibu. Katikati ya msitu nikasikia, "Namba?" Akili ikanijia kwamba na mimi napaswa kuulizwa. Nikasema tatu. Akapunguza mwendo. Ukingoni vidole vyake vikakutana, akanionyesha mikono yote miwili, tukaingia. Tulimaliza karibu na mkia, ndani ya muda.

Halafu tukafanya upuuzi wa kusimama na suti zilizolowa kupiga picha. Mwili huendelea kupoa ndani hata baada ya kutoka majini, baridi ya ngozi, mikono na miguu inaendelea kuingia katikati, na unaweza kutetemeka zaidi baada ya robo saa kuliko ulivyotetemeka baharini. Picha ziko, meno yetu yanagongana, si tabasamu. Mkimaliza vueni kila kilicholowa mara moja, vaeni sufu kuanzia juu, kofia, soksi, kisha kinywaji cha moto chenye sukari. Bafu la maji ya moto sana lisubiri mpaka kutetemeka kuishe. Mfuko wa nguo kavu uandaliwe usiku wa kuamkia, uandikwe jina, uachwe mahali mtakapomalizia, na zipu zake ziwe za kuvutwa kwa meno ikibidi.

Wanaoanza, msinunue kitu mwezi wa kwanza. Azimeni, nendeni ziwani, hapa ardhi na maji ni huru kwa kila mtu kutembea na kuoga ilimradi hamsumbui wala kuharibu. Msiogelee mmoja mmoja. Maboya ya rangi kali ya kufunga kiunoni yapo, yawekeni mazoezini ili boti ziwaone. Na fanyeni angalau zoezi moja siku ya mvua na upepo, kwa sababu wote tunafanya mazoezi siku za jua halafu tunashangaa.

Mwenzangu anataka mwaka huu tuingie mbio ndefu zaidi. Nimempa masharti mawili: anunue suti inayomkaa, nami niwepo dukani anapojaribu, na tuanze kuingia majini Mei badala ya Juni. La suti amekubali. La Mei anasema mimi ndiye nitakayelikimbia, na tumewekeana dau la pilau.